Baden-Powell: Askari na Mwalimu Hawatengani

Juni 2020, sanamu ya Robert Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeanzisha skauti, huko Poole, Uingereza, ilizungushiwa mbao isije ikang'olewa na waliomshutumu kwa ubaguzi wa rangi. Watetezi wake wakarudia jibu lao la siku zote: askari ni mmoja, mwanzilishi wa skauti ni mwingine. Jibu hilo halisimami, kwa sababu wote wawili walitoka Mafeking.

Makaburu waliuzingira mji huo wa Afrika Kusini, uliolindwa na Waingereza chini ya Baden-Powell, siku 217, kuanzia Oktoba 1899. Wavulana wa kizungu walipewa kazi ya utarishi. Kikosi chao kilianzishwa na ofisa wa chini yake, Lord Edward Cecil (sifa zimeishia kwa mkubwa, kama kawaida ya jeshi), lakini Baden-Powell ndiye aliyeondoka na somo: mtoto ukimkabidhi kazi ya kweli, ataibeba. Stempu ya peni moja iliyotolewa mjini humo inamwonyesha kiongozi wao, Warner Goodyear, akiwa juu ya baiskeli.

Wabarolong, Waafrika wenyeji wa hapo, na wakimbizi wengine Weusi, waliowazidi wazungu kwa idadi kwa mbali, waliuziwa supu ya farasi na uji wa makapi ya nafaka. Wengine walisukumwa watoke wakatafute chakula Kanye, mji wa Botswana ya leo, njia ikipita kwa adui. Kamanda anatetewa kwamba hakujua mzingiro ungekwisha lini. Ni kweli, ila hilo halielezi kwa nini njaa ilianzia kwa Weusi. Na Mei 12, 1900, Makaburu walipopenya kupitia kijiji cha Wabarolong, wenyeji hao hao ndio waliosaidia kuwafungia njia ya kurudi.

Somo lenyewe lilikuwa zuri. Agosti 1907, kisiwani Brownsea, Uingereza, Baden-Powell alipiga kambi na wavulana kama 20, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi pamoja, katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi mvulana. Kwata hakuitaka, alisema inaua akili ya mtoto. Mpaka leo kikundi cha skauti huharibika pale mtu mzima anapomnyang'anya uongozi yule kijana.

Lakini somo hilo lilimfikia nani? Afrika Kusini vijana Weusi walizuiwa kujiunga, wakawekewa chama chao pembeni. Baden-Powell alifika huko mwaka 1936 akasukuma watambuliwe. Wakatambuliwa, kila rangi na tawi lake. Aliiacha hivyo, akafa Nyeri Januari 1941. Matawi yaliunganishwa mwaka 1977.