Pumu ya mzio: tuizime ishara moja, au tuzitulize zote?

Mtoto amelala saa tisa alasiri kwenye godoro kuukuu lenye vumbi. Anaamka kifua kinalia kama filimbi. Mama anampa pampu ya bluu, mivuto miwili, kifua kinafunguka, mtoto anarudi kucheza. Saa nne usiku kinabana tena, safari hii kwa ukali, na pampu ileile haifui dafu. Nyumbani watasema ni baridi ya usiku. Lakini shambulio hili la pili liliandaliwa tangu alasiri.

Kwenye vumbi la godoro mna utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho. Mwenye mzio ana kingamwili za IgE zinazowatambua, nazo huamsha seli zinazomwaga histamini, kemikali inayobana mirija ya hewa, ndani ya dakika chache. Hilo ndilo shambulio la kwanza. Wakati huohuo seli za kinga huanza kuitana kwa protini za kupeana ishara ziitwazo sitokini. Intalukini-4 huchochea utengenezaji wa IgE. Intalukini-5 hukuza na kudumisha eosinofili, seli nyeupe zinazojeruhi ukuta wa mirija ya hewa. Intalukini-13 huongeza makamasi na kuifanya mirija iwe nyepesi kubana. Saa kadhaa baadaye mirija imevimba, na salbutamoli, dawa ya pampu ya bluu inayolegeza misuli tu, haina la kufanya juu ya uvimbe.

Je, tukikata ishara moja, ugonjwa utatulia? Mwaka 2000 watafiti waliwapa watu wenye pumu nyepesi kingamwili ya kuzuia intalukini-5. Eosinofili zilipungua sana, lakini shambulio la baadaye halikubadilika. Wengi waliona nadharia imekufa. Mwaka 2009 dawa hiyohiyo, mepolizumabu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 61 wenye pumu sugu na eosinofili nyingi, na waliopewa dawa walipata wastani wa mashambulizi makali 2.0 kwa mwaka, dhidi ya 3.4 kwa waliopewa dawa bandia. Hata hivyo dalili za waliopewa dawa za kila siku hazikupungua kwa kiasi cha kutajika. Kwangu mimi hapo ndipo penye fundisho: ishara moja inabeba sehemu moja ya ugonjwa, kwa baadhi ya wagonjwa.

Wanaotetea dawa hizi wana hoja nzito. Dupilumabu, inayoziba mlango ambao intalukini-4 na 13 hupitia pamoja, imefaulu katika pumu, ilhali dawa zilizolenga 13 peke yake zilikwama. Tezepelumabu huzuia TSLP, ishara inayotoka kwenye ukuta wenyewe wa mirija mwanzoni kabisa. Mtu aliyekuwa akimeza vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, miezi nenda miezi rudi, mifupa ikidhoofika na sukari ikipanda, hupata nafuu ya kweli. Siwezi kuiita nafuu hiyo anasa.

Lakini kwa bei ya Marekani, dawa hizi, zinazotolewa kwa sindano, hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Na kwetu kuna jambo jingine ambalo halipewi uzito: minyoo na kichocho navyo hupandisha eosinofili na IgE. Kwa mtoto wa kando ya Ziwa Victoria, kipimo cha damu kinaweza kusoma juu kwa sababu ya kichocho, tukadhani tumeiona pumu yake. Tena ishara hizohizo ni sehemu ya ulinzi dhidi ya minyoo, ndiyo maana maelekezo ya dupilumabu yanataka minyoo itibiwe kwanza.

Steroidi ya kuvuta haichagui. Hutuliza ishara nyingi kwa pamoja, palepale kwenye mirija, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na sindano. Kwa wagonjwa walio wengi naiweka mbele bila kusita, na sindano zibaki kwa wale wachache ambao imeshindwa kuwatosha. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena kutibu pumu kwa pampu ya bluu peke yake kwa vijana na watu wazima.

Tatizo ni kwamba bluu unaihisi ikifanya kazi ndani ya dakika tano. Steroidi huvutwa asubuhi na jioni, kifua kikiwa kizima, na mama haoni chochote. Baada ya wiki mbili anaiacha. Muuguzi akimweleza habari ya saa nne usiku, kwamba dawa hii ndiyo inayozuia uvimbe ule usianze, anakuwa na sababu ya kuendelea nayo.