Stesheni ya Kigoma ni kazi ya Wajerumani
Nimesoma makala inayosema stesheni ya reli ya Kigoma ilijengwa na Waingereza; hapo mwandishi wake kateleza. Reli ya Kati, ile itokayo Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani, na walioiteka Kigoma mwaka 1916 ni Wabelgiji. Tena matao yale makubwa ya mbele ameyaita mapambo! Jua la saa nane likichoma, abiria na magunia yao ya dagaa na madumu ya mawese hujibana wote kwenye kivuli cha matao hayo, na ukiegemea ukuta ubaridi unausikia mgongoni. Fundi wa leo angeezeka bati akafunga feni, basi. Mliopita Tabora, stesheni ya kule nayo ina kibaraza cha namna hii?