Bustani Iliyoishia Chunguni

Nyumba tunayopanga mtaa wa Tudor ina kiwanja cha mbele kisichotosha kuegesha gari, lakini kinatosha kabisa kumtia mtu tamaa ya bustani, hasa mtu ambaye jirani yake ana mbugenvilia uliopanda ukuta mzima na kusifiwa na kila mpita njia. Ukiukaribia mti huo utagundua kwamba ile rangi yenyewe ni ya majani yaliyokizunguka kiua kidogo cheupe kisichotazamwa na mtu, jambo ambalo nimewahi kumweleza jirani kwa nia njema na ambalo hakulipokea kwa nia hiyo.

Mimi mbugenvilia haukunifaa. Anayelipa kodi kila mwezi hapandi mti utakaofikia uzuri wake baada ya miaka, yeye akiwa ameshahama na mwenye nyumba anaufurahia peke yake. Niliamua kupanda maua ya msimu mmoja, yale yanayoota, yakachanua, yakatoa mbegu na kufa kabla ya mwaka kuisha, na ambayo kwa kuwa hayana muda wa kupoteza hutia karibu nguvu zake zote katika kuchanua. Wenye bustani wa nchi za baridi huyapanda baridi ikishapita na kuagana nayo baridi inaporudi. Sisi wa Mombasa hatuna baridi ya kutuamulia, tuna mvua na jua tu, kwa hiyo hesabu yangu niliifanya kwa vuli: nisie mbegu mvua za Oktoba zinapoanza, maua yafunguke kaskazi inapoingia mwezi wa Disemba, na rangi ikae kiwanjani hadi masika yaje kuyaangusha.

Nilichagua zinia kwa sababu hustahimili jua, na kadiri unavyozikata ndivyo zinavyozidi kuchanua. Nilichagua marigoldi kwa ajili ya manjano yake. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa selosia, ua linalosimamisha mashada mekundu kama ndimi za moto, lisiloogopa joto, na ambalo shada lake moja hukaa wiki kadhaa bila kufifia. Jambo ambalo pakiti ya mbegu haikulitaja ni kwamba selosia na mchicha ni wa ukoo mmoja. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo na zenye kung'aa, kama za mchicha; mche wake mchanga humchanganya hata mkulima; na aina niliyouziwa mimi ilikuwa na mashina mekundu, sawasawa na ule mchicha mwekundu unaojulikana na kila mpishi wa pwani.

Udongo wa kisiwa chetu ni tabaka jembamba juu ya mwamba wa matumbawe, na ukichimba kidogo tu jembe linalia. Nilinunua samadi ya mbuzi, nikaichanganya na mchanga, nikasia mbegu juu juu bila kuzifukia, kwa sababu mbegu ndogo namna hiyo haina nguvu ya kupasua udongo mzito. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo siku ambazo mfereji uligoma na mvua nayo ikaamua kwenda kunyesha Likoni, niliinywesha bustani kwa madumu ya mwenye mkokoteni, kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Jioni barazani niliwatangazia wenzangu kwamba kufikia mwaka mpya, atakayepita mbele ya nyumba yangu atahitaji kukinga macho.

Mwezi wa Novemba mke wangu alijifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi, na mamake akasafiri kutoka Lamu kuja kumlea mzazi mpaka arubaini itimie. Ni lazima nieleze hapa kwamba mimi nimelelewa katika adabu ya zamani: mkwe simtazami usoni, simkatizi maneno, wala sijapata kumpinga kwa jambo lolote tangu siku ya posa. Yeye naye ni mwenye adabu hiyo hiyo. Watu wawili wa namna hii wakikaa nyumba moja, hakuna neno litakalosemwa waziwazi.

Asubuhi iliyofuata kuwasili kwake alitoka kiwanjani, akaikuta miche ya selosia ina kimo cha shubiri, mororo, imesimama kwa safu na imeshiba samadi. Nilimsikia, nikiwa sebuleni navaa viatu vya kazini, akimwambia binti yake chumbani kwamba katika maisha yake hajaona mwanamume mwenye kufikiri mbele kiasi kile, aliyempandia mkewe mboga ya kuongeza damu kabla hata mtoto hajazaliwa. Nilidhani anasimulia habari za mtu mwingine.

Niliporudi jioni niliandaliwa sima, changu wa kukaanga, na bakuli la mboga ya nazi. Tui lilikuwa na rangi ya waridi. Hilo lingenishtua mapema zaidi kama nisingekuwa na njaa, kwani nilikuwa nimekwisha kumaliza nusu ya bakuli nilipoinua macho na kuona dirishani safu za mashina yasiyo na vichwa. Rangi niliyoisubiri kiwanjani ilikuwa imenifikia mezani, imeungwa kwa kitunguu, tungule na pilipili mbichi.

"Mboga imekaaje, mwanangu?" mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nzuri sana, mama."

"Basi ongeza."

Niliongeza. Mtu wa adabu yangu angejibu nini?

Usiku ule sikulala mpaka nilipohakikisha kwamba sikuiua familia yangu. Nilisoma katika simu, chini ya shuka, na kuona kwamba majani ya selosia ni mboga inayoheshimika Afrika Magharibi, kwamba Wanigeria huipanda makusudi kwa ajili ya chungu, na kwamba maji yake kubadilika rangi wakati wa kupikwa ni kawaida, kwa kuwa wekundu wa shina huyeyuka majini. Hofu iliondoka, ikabaki huzuni. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba mamake amepika bustani. Alicheka mpaka akashika tumbo na kunisihi, kwa hali yake ya uzazi, nisimchekeshe tena. Nilipomwomba azungumze na mamake alisema kwamba aliyesifu mboga ni mimi, kwa hiyo aliye na la kusema ni mimi.

Nilijaribu njia za pembeni. Nilipitia Kongowea nikanunua mafungu ya mchicha halisi, nikayaweka jikoni bila maelezo. Mkwe alinishukuru, akayapeleka kwa kuku wa nyumba ya tatu, na kuniambia kwamba mboga ya kununua haiwezi kushindana na ya mkono wa mtu mwenyewe. Nilizungushia tuta wigo wa kuti. Akanisifu kwa kuikinga mboga na mbuzi wa mtaani, kisha akafungua kijilango pembeni ili apite na ungo wake. Zinia zilinusurika kwa sababu majani yake yana vinyweleo vinavyokwaruza ulimi, na marigoldi kwa sababu ya harufu, ingawa aliwahi kuvunja jani moja, akalinusa, akaniuliza kwa upole kama ile ni dawa ya maradhi ambayo sikutaka kuyataja.

Nitasema kweli kuhusu uchumaji wake, kwa maana katika hilo mkwe alikuwa fundi. Hakung'oa mche hata mmoja. Alikata ncha kwa kucha, juu tu ya kifundo cha majani, na penye ncha moja zikachipuka mbili, alizozikata nazo zikawa nne. Wataalamu wa maua hufundisha jambo hilo hilo: mche wa selosia ya mashada ukikatwa ncha ungali mdogo hutanuka na kubeba vichwa vingi badala ya kimoja. Tofauti ni kwamba wataalamu hukata mara moja kisha wakangoja, na kila ukataji huahirisha maua kwa wiki mbili hivi. Mkwe wangu alikuwa akiyaahirisha kila panapopikwa sima.

Siku ya arubaini wageni walijaa. Wenzangu wa barazani walikuja kwa pamoja, mmoja wao akiwa amevaa miwani ya jua kwa makusudi, na walichokikuta ni ukingo mzuri wa zinia na marigoldi uliozunguka shamba nene la kijani lisilo na ua hata moja. Jirani wa mbugenvilia alisimama mbele ya tuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaomba fungu. Mkwe alimchumia lililojaa mikono miwili, akimweleza kwa fahari kwamba ni mboga ninayoipenda mno, na kwamba sijapata kuacha bakuli likiwa na kitu ndani.

Ukweli ulidhihirika siku mbili tatu kabla ya safari yake. Nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mkono wake haukufika, mche mmoja ulikuwa umesimamisha shada jekundu lenye urefu wa kiganja. Nilikuwa nalitazama nilipohisi kwamba amesimama nyuma yangu.

"Mashaallah," alisema. "Limetoka zuri ua lako."

Nilikubali kwamba ni ua.

"Nilijua si mchicha tangu nilipoonja siku ile ya kwanza. Mchicha naujua, mwanangu, nimeupika maisha yangu yote."

Kwa mara ya kwanza tangu posa nilimtazama mkwe usoni, nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuupika.

"Wewe uliongeza," alinijibu, naye akishangaa. "Nikasema, kila mtu na chakula chake. Ningekunyimaje?"

Hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba mke wangu alionja kijiko kimoja tu na tangu hapo alikuwa akiletewa supu, na kwamba mkwe mwenyewe hakuigusa tena kwa kuwa haikumpendeza. Sikuwa nimewahi kuitazama sahani ya yeyote kati yao. Ukiondoa fungu la jirani, bustani yote niliila mimi.

Alipoondoka, selosia zilizopumzishwa kucha zake zilifanya kile ambacho vitabu vinaahidi. Mche uliopaswa kuwa na shada kuu moja ulisimamisha mashada kumi na zaidi, mekundu na ya machungwa, nayo yakakaa kaskazi yote bila kuchujuka, hata watu waliokuwa wakisimama mbele ya ukuta wa jirani wakahamia kwetu. Jirani huwaeleza, kwa nia njema, kwamba ile ni mboga.

Mbegu zilipokomaa mkwe aliagiza bahasha moja, nami nilimpelekea nikiamini kwamba amelipenda ua. Tulipokwenda Lamu kumwonyesha mtoto, sikuona shada hata moja katika ua wa nyumba yake, ila safu za mashina mekundu yaliyokatwa vizuri juu ya kifundo. Chakula kilipoletwa, bakuli langu lilikuwa peke yake, kubwa kuliko ya wengine, na tui lake lilikuwa na rangi ya waridi.

"Imekaaje, mwanangu?"

"Nzuri sana, mama," nilisema, na nikaongeza.