Mafuta ya Nyoka Yasiyokuwa na Nyoka

Mtafsiri wa Nairobi anayeshughulikia makala za afya hukwama mahali pamoja: Wamarekani huiita dawa isiyotibu, inayouzwa kwa maneno matamu, "mafuta ya nyoka", nasi tukilitafsiri neno hilo sisisi, msomaji wa Kariobangi hudhani tunazungumzia mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa chatu. Je, tulipokee lilivyo mpaka lizoeleke, au tutumie tulicho nacho?

Wanaotaka lipokewe wana hoja. Kiswahili kilichukua dawa na tabibu kutoka kwa Kiarabu, na daktari kutoka kwa Kiingereza, wala hakikupungukiwa. Isitoshe, maneno yetu ya karibu hayafiki. "Dawa bandia" ni dawa iliyoigizwa, kama vile kidonge cha malaria chenye nembo ya kiwanda ambacho hakikukitengeneza. Chupa ya mzee anayeuza dawa kwenye steji ya matatu haikumwiga mtu. Ilikuwa ya soda, sasa imejaa maji ya kahawia, na karatasi iliyobandikwa ubavuni inaorodhesha pumu, kisukari, presha, vidonda vya tumbo na, kwa kalamu ya rangi nyingine, nguvu za kiume. (Kalamu hiyo ya pili hunitia shaka kuliko orodha yenyewe.)

Hata hivyo, asili ya neno hilo ndiyo inayonizuia kulipokea. Inasimuliwa kwamba vibarua wa Kichina waliojenga reli Marekani katika karne ya 19 walijichua viungo kwa mafuta ya nyoka wa majini, na wafanyabiashara wakaiga jina. Aliyevuma zaidi ni Clark Stanley, ambaye mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya Chicago, alichinja nyoka mbele ya watu na kuwauzia chupa zake. Baada ya sheria ya vyakula na dawa ya 1906, serikali iliyapima mafuta hayo ikakuta mafuta ya madini, mafuta kidogo yaliyodhaniwa kuwa ya ng'ombe, na pilipili. Nyoka hakuwemo. Stanley alitozwa faini ya dola 20, lakini lugha ikambebesha nyoka lawama, na pamoja naye Wachina ambao hawakumuuzia mtu uongo wowote.

Sisi tuna kosa la aina hiyo hiyo tunapotaja "mitishamba" au "uganga" kwa dharau. Kuganga ni kutibu, na pia kuunga kilichovunjika. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na magome ya mwiri wa misitu yetu yamesafirishwa Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume, huku Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 ikiitambua tiba ya jadi. Hata mwarobaini, ambao jina lake lenyewe linaahidi kuponya maradhi arobaini, haujamlaghai mtu. Anayelaghai ni muuzaji anayezisoma arobaini zote kwa mgonjwa mmoja.

Ndiyo maana napendelea "dawa ya laghai", linalomshika mtu na kuuacha mti. Lakini nalo lina upungufu wake. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, walikwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Bei hiyo si ya mtu anayetafuta utajiri kwa kikombe kimoja, na mwenyewe alieleza kwamba alioteshwa na Mungu. Kumwita laghai mtu anayeamini anachotoa ni kumzulia nia, ingawa mgonjwa aliyeacha vidonge vyake baada ya kunywa aliweza kudhurika vile vile. Hapo nitaandika "dawa isiyothibitishwa", hata kama halina ladha mdomoni. Na kwa chupa ile ya steji, mtafsiri atalazimika kwanza kujua kama aliyeshika kalamu ya pili aliamini alichokiandika.