Moyo Bado Unadunda: Eda Ianze Lini?

Daktari akisema ubongo umekufa, jamaa wa mgonjwa huku Tanga wakajibu "lakini moyo bado unadunda", upesi huhesabiwa kuwa hawajaelewa. Naona wanaonewa.

Hoja ya madaktari ni nzito: ubongo wote ukifa, mtu amekufa, hata mashine ikiendelea kumpumulia. Kipimo chenyewe cha kifo cha ubongo hakibahatishwi: mwili usiwe umepoa wala kubaki na dawa za usingizi, mboni zisishtuke kwa mwanga, kisha mashine ya kupumulia isitishwe dakika 8 hadi 10 huku oksijeni ikiingia, waone kama atavuta pumzi mwenyewe. Na mashine ni chache. Anayeisubiri naye ana mama yake.

Lakini ubishi huu haukuzaliwa na ujinga wa watu wa Tanga. Mwaka 1986 wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliokutana Amman walikubali kwamba ubongo wote ukifa bila marejeo, mtu amekufa. Mwaka uliofuata wenzao wa Makka wakaruhusu mashine iondolewe, madaktari bingwa watatu wakishathibitisha, ila hukumu ya mauti ingoje moyo na pumzi visimame. Hata Marekani hawajaafikiana. Msichana Jahi McMath alitangazwa amekufa ubongo California mwaka 2013. Familia ikamhamishia New Jersey, ambako sheria inaheshimu imani ya anayekataa kipimo hicho, akakaa kwenye mashine hadi 2018.

Sasa chukulia nyumba moja ya Chumbageni. Kifo kimeandikwa Jumanne, moyo umesimama Ijumaa. Mjane ahesabu miezi 4 na siku 10 za eda tangu lini? Na je, babake mgonjwa akifariki Jumatano? Tukishika Jumanne, mwana ametangulia, na wajukuu hawarithi kwa babu maadamu ami zao wapo. Tukishika Ijumaa, mwana amemrithi babake, na fungu lake linashuka kwa watoto wake. Siku tatu hizo zinatosha kulitoa shamba la minazi mikononi mwa mayatima. Mama anayeng'ang'ania kitanda huenda hayasemi haya yote, lakini shehe atakayeitwa kugawa mirathi atayauliza, tena mbele ya watu.

Kwa hiyo sioni ubaya kipimo kirudiwe, daktari wa pili akiwepo na mzee mmoja wa familia akishuhudia kwa macho yake kifua kisichonyanyuka. Cheti nacho kitaje saa zote mbili, ya ubongo na ya moyo. Kitanda kitachelewa, na gharama hiyo ni ya kweli kwa mgonjwa anayengoja. Bado naona familia ina haki ya kuidai.