Kanisa Lililofungwa Lina Wenyewe

Kanisa la mtaa linapofungwa, swali la kwanza kuulizwa huwa ni kiwanja chake kina thamani gani. Naona swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kumtafuta mnunuzi, wakazi wa mtaa, waumini na wasio waumini, wangeketi wakaeleza jengo lile limekuwa nini kwao, na maelezo yao yakaandikwa, kwa sababu ndiyo yatakayoonyesha kipi lazima kibaki na kipi kinaweza kuondoka.

Ukiwasikiliza wazee utaona kwamba mahubiri wameyasahau kwa sehemu kubwa, ila mambo madogo wanayo yote. Mmoja atakuonyesha benchi alilokalia mama yake, ambalo ubao wake wa mbele umelainika na kung'aa pale mikono ya watu iliposhika kila walipoinuka kutoka kupiga magoti. Mwingine atakueleza jinsi mpiga kengele alivyotofautisha mlio wa msiba na mlio wa arusi, hata aliyekuwa ndani kwake akajua ni habari gani inayomfikia. Wapo pia ambao hawakuwahi kuhudhuria ibada hata moja, lakini walijifunza kusoma katika chumba cha nyuma. Hati ya kiwanja haina nafasi ya mambo haya, na wanaoyajua wanazidi kupungua.

Madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yashughulikiwe kwanza, yahamishiwe mahali pakavu penye mtu wa kuyatunza, kwa kuwa kuna watu ambao ushahidi wao wa pekee wa majina ya wazazi wao ni mstari mmoja uliomo humo.

Wakati mashauri yanaendelea, jengo halisubiri. Mfereji wa paa ukiziba kwa majani, maji hurudi ukutani, mbao za paa zikaanza kuoza mahali zinapokutana na ukuta, na aghalabu dari huanguka kabla kikao hakijafikia uamuzi. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa hudhurika zaidi pale mtu mwenye nia njema anapozipiga lipu ya saruji, kwani saruji huufungia ndani unyevu ambao chokaa ingeuachia utoke. Kusafisha mifereji na kurudisha vigae vilivyong'oka ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kujenga upya, nami siuelewi uongozi unaoshindwa hata hilo.

Kuhusu matumizi mapya, sipingi mabadiliko. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu askofu kuliondoa kanisa katika ibada na kulitoa kwa matumizi ya kawaida, mradi yasiwe ya kudhalilisha. Uingereza ina taasisi iliyoundwa mwaka 1969 ambayo leo inatunza makanisa zaidi ya 350 ambayo Kanisa la Anglikana halina tena haja nayo. Huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13, lililowahi kutumika hata kama ghala la baiskeli, lilifunguliwa mwaka 2006 likiwa duka la vitabu, na mtu yeyote anaweza kuingia na kuinua macho kutazama dari lake.

Huko kuingia kwa mtu yeyote ndiko ninakokutetea. Maktaba, zahanati, ukumbi wa mazoezi ya kwaya, darasa la watu wazima: vyote vinafaa. Makazi ya watu binafsi nyuma ya geti lililofungwa hayafai, hata yakijengwa kwa ustadi wa namna gani, kwa maana aliyefungia ndoa pale atazuiwa na mlinzi. Kwa hiyo wenye mamlaka wapangishe badala ya kuuza, na mkataba utaje waziwazi kwamba mlango mkubwa utafunguliwa kwa umma kwa siku zilizopangwa, kwamba njia ya kwenda makaburini haitazibwa, na kwamba kengele haitauzwa kama chuma chakavu.