Nani Amwulize Mchungaji? Cheti cha Theolojia na Hesabu za Sadaka

Rasimu ya sera ya serikali ya Uganda kuhusu taasisi za kidini, ambayo imejadiliwa kwa miaka kadhaa, imewagawa walokole hasa kwa pendekezo moja: kwamba anayetaka kuongoza kanisa awe kwanza amehitimu mafunzo ya theolojia katika chuo kinachotambuliwa.

Wanaoliunga mkono pendekezo hilo si maadui wa injili. Wanawajua wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi walioambiwa madhabahuni waache dawa kwa kuwa wamekwisha kuponywa, na wanawajua wajane waliouza kiwanja ili "kupanda mbegu", yaani kutoa pesa kanisani wakitarajia baraka. Mchungaji aliyefundishwa kuisoma Biblia kwa mpangilio, akajua andiko fulani waliandikiwa akina nani na kwa sababu gani, hataligeuza kwa wepesi kuwa ahadi ya gari. Jirani zetu wa Rwanda walitunga sheria mwaka 2018 inayodai shahada ya theolojia kwa viongozi wa makanisa, na wengi hapa wanauliza sisi tunangoja nini.

Hata hivyo, historia yetu inanizuia kukubali. Mwaka 1941 Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, chuo cha theolojia cha Kianglikana, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri, kwa msimamo wao wa uamsho, vuguvugu la toba na wokovu la walokole wa kwanza. Leo Kanisa la Uganda (la Kianglikana) lenyewe linajivunia urithi wa uamsho ule. Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku madhehebu mengi, na waumini wakaendelea kukutana majumbani kwa siri. Dola ikipewa mamlaka ya kuamua nani ni mchungaji halali, mamlaka hayo yanaweza kuwaangukia wasio na hatia. Tena elimu peke yake si kinga: miongoni mwa viongozi wa kundi la kidini la Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mamia ya watu waliangamia Machi 2000, alikuwamo Dominic Kataribabo, padri msomi.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa iko kwingine. Katika makanisa mengi madogo ya mabati, namba ya simu ya kupokelea sadaka iliyobandikwa karibu na mimbari ni ya mchungaji mwenyewe, mweka hazina ni mke wake, na wazee wa kanisa ni watu aliowateua yeye na anaoweza kuwaondoa wakati wowote. Akikosea hakuna wa kumwuliza, na anayethubutu huonywa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Walokole wa kwanza walikuwa na nidhamu tofauti: katika ushirika wao kiongozi alisimama kuungama mbele ya wenzake kama muumini mwingine yeyote, hata mmisionari Mzungu mbele ya Waafrika. Nidhamu ile ilikuwa na udhaifu wake, maana wengine walishinikizwa kutoa hadharani mambo ya faragha, lakini ilimweka kiongozi mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo ningependa miungano ya wachungaji ilidai kila kanisa mwanachama liwe na akaunti ya benki kwa jina la kanisa, watia saini wasiotoka familia moja, na hesabu zinazosomwa mbele ya waumini kila mwaka. Mafunzo ya theolojia yaendelee sambamba, kwa kozi fupi na za bei nafuu, ili mhubiri wa kijijini Karamoja au Kasese asiye na karo asifungiwe mlango. Hakuna kati ya hayo linalohitaji kungoja Bunge. Yanahitaji wachungaji wakuu walio tayari kuanza na hesabu zao wenyewe.